Doa jeusi ndani ya almasi si makaa

Katika maduka ya masonara wa Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Biashara Street, utasikia mambo mawili kuhusu almasi yakisemwa kwa uhakika ule ule: kwamba almasi ni makaa ya mawe yaliyobanwa ardhini mpaka yakang'aa, na kwamba doa jeusi linaloonekana ndani ya jiwe ni kipande cha makaa ambacho hakikuwahi kugeuka. Nimeyasikia kwa wauzaji, kwa wateja, na hata kwa walimu wanaoleta pete zao kurekebishwa. Yote mawili si kweli, na ushahidi wa kuyakanusha umo ndani ya lile doa lenyewe. Baada ya miaka mingi ya kushika vito, nimefikia kuamini kwamba kile tunachokiita dosari ya almasi ndicho sehemu yake yenye habari nyingi zaidi, na kwamba sisi tunaouza tunawakosea wateja wetu tunapowaeleza vinginevyo.

Si muda mrefu uliopita aliingia dukani mama mmoja na pete aliyoachiwa na marehemu mama mkwe wake. Ilikuwa pete ya dhahabu ya kizamani yenye almasi moja isiyofika nusu karati, yaani chini ya gramu 0.1. Alitaka jiwe litolewe, liwekwe jingine.

"Mwanangu, hili lina makaa ndani," alisema. "Mtu akinitazama mkono naona haya."

"Hebu tulitazame kwanza, mama," nikamjibu, "kisha utaamua wewe mwenyewe."

Niliisafisha pete, nikaiweka chini ya taa, nikatazama kwa lenzi inayokuza mara 10, ambayo ndiyo kipimo cha kawaida cha biashara yetu. Doa lilikaa chini kidogo ya uso mpana wa juu ya jiwe. Halikuwa duara wala halikuwa na kingo zilizochakaa, bali lilikuwa na pembe zilizonyooka, na nilipoigeuza pete polepole, upande wake mmoja ulitoa mng'ao wa manjano ya shaba kisha ukazimika. Kulizunguka kulikuwa na ufa mwembamba, bapa na wa mviringo, uliometa kama gamba la changu. Pembeni, karibu na ukingo wa jiwe, kulikuwa na chembe nyingine ndogo zaidi, ya rangi ya zambarau inayoelekea wekundu. Nilimpa lenzi atazame mwenyewe, akatazama kwa muda mrefu kuliko mimi.

Makaa hayatoi mng'ao wa shaba, wala hayana rangi ya zambarau. Madoa mengi meusi ya namna ile, yanapochunguzwa maabara, hukutwa kuwa madini ya salfaidi, yaani salfa iliyoungana na chuma, pamoja na nikeli na shaba kidogo. Chembe ya zambarau kwa kawaida huwa ganeti yenye kromiamu na magnesi kwa wingi. Ganeti si jina geni kwa mtu wa Pwani. Tsavoraiti, kito cha kijani ambacho Campbell Bridges alikipata Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambacho wauzaji wa Voi na Mombasa wanakijua vizuri, nayo ni ganeti, ingawa ni ya tawi jingine na ilizaliwa ndani ya miamba ya gandunia, yaani tabaka la nje la dunia, kina kisichokaribiana hata kidogo na kile cha ganeti ya ndani ya almasi. Ni kweli kwamba wakati mwingine weusi wa doa hutokana na grafiti iliyojitandaza kwenye ufa, na grafiti ni kaboni. Lakini hiyo ni kaboni ya almasi yenyewe, au iliyokuwa kule kule almasi ilikokulia, na haina uhusiano wowote na makaa ya mawe.

Makaa ya mawe ni mabaki ya mimea. Yanapatikana katika tabaka za juu za gandunia, kwenye kina cha kilomita chache, na hayawezi kuwa ya kale kuliko mimea ya nchi kavu, ambayo haijafikisha umri wa miaka milioni 500. Almasi, kwa upande wake, nyingi zimekulia kwenye kina cha kati ya kilomita 150 na 200, ndani ya koti la dunia, yaani tabaka nene la miamba lililo chini ya gandunia, mahali ambapo joto linafika nyuzi 900 hadi 1,300 za Selsiasi na shinikizo ni zaidi ya mara 45,000 ya lile la hewa tunayoivuta ufukweni. Na nyingi zina umri wa kati ya miaka bilioni 1 na bilioni 3.5. Zilikuwa tayari zimekamilika kabla mti wa kwanza haujaota duniani. Hesabu hiyo peke yake inatosha kulimaliza suala la makaa, lakini inazua swali zito zaidi: umri huo umejulikanaje, ikiwa almasi ni kaboni tupu na kaboni hiyo haina kitu cha kupimia miaka?

Hapo ndipo doa linapokuwa la thamani. Ile njia ya kaboni inayotumiwa na wachimbuaji wa mambo ya kale haifai, kwa sababu inafika mwisho baada ya miaka elfu hamsini hivi. Fuwele safi ya almasi haitupi saa yoyote. Lakini ganeti iliyofungwa ndani yake ina samariamu, elementi ambayo sehemu yake hugeuka polepole mno kuwa neodimiamu, na salfaidi ina reniamu, ambayo kwa mwendo kama huo hugeuka kuwa osmiamu. Nusu ya isotopu husika (yaani aina ya atomu) ya reniamu huhitaji takriban miaka bilioni 42 kugeuka. Kwa kupima uwiano wa elementi hizo mtafiti anaweza kurudi nyuma hadi siku ambayo chembe ilitengwa na kila kitu kilichoizunguka. Mwaka 1984 Stephen Richardson na wenzake walichapisha matokeo ya kupima ganeti ndogo ndogo walizozitoa ndani ya almasi za Kimberley na Finsch, Afrika Kusini. Kila chembe ilikuwa ndogo mno kupimwa peke yake, kwa hiyo walizikusanya nyingi pamoja. Umri waliopata ulikuwa miaka bilioni 3.2 hadi 3.3, ilhali kimbalaiti, mwamba wa volkeno uliozibeba almasi za Kimberley hadi juu, una umri wa takriban miaka milioni 90 tu.

Tofauti hiyo ilibadilisha namna nzima ya kuielewa almasi. Kabla ya hapo wengi walidhani kwamba almasi huundwa ndani ya kimbalaiti yenyewe, wakati wa mlipuko. Baada ya hapo ilibainika kwamba kimbalaiti ni mchukuzi tu, aliyepita njiani na kuzikuta almasi zimekaa kwa zaidi ya miaka bilioni 3. Hakuna jiwe safi, hata lingekuwa la bei gani, ambalo lingeweza kutuambia hilo. Yaliyosema ni mawe yenye madoa, yale ambayo dukani tungeyapunguzia bei.

Wapo watafiti wanaotahadharisha, na tahadhari yao ni ya haki, kwamba chembe inaweza kuwa ya kale kuliko almasi iliyoimeza. Ganeti au olivini, madini mengine ya koti la dunia, inaweza kuwa ilikuwapo tayari ndani ya mwamba, kisha almasi ikakua na kuifunika. Uchunguzi wa jinsi fuwele za olivini zilivyoelekea ndani ya almasi umeonyesha kwamba mara nyingi mwelekeo wake haufuati ule wa almasi, jambo linalounga mkono wazo hilo. Lakini kuna jambo jingine linaloonekana hata kwa lenzi ya dukani: chembe nyingi zina umbo la almasi badala ya umbo lao la asili, kana kwamba zimelazimishwa kuingia katika kalibu ya mwenyeji wao. Ndiyo maana doa la pete ya yule mama lilikuwa na pembe zilizonyooka.

Almasi yenyewe hukua namna gani? Haibanwi kutoka kwenye donge la kitu kigumu cheusi, bali hukua kutokana na viowevu vya moto vinavyopenya katika nyufa na vinyweleo vya miamba ya koti la dunia. Viowevu hivyo hubeba kaboni iliyoyeyuka, ama ikiwa imeungana na oksijeni, ama ikiwa imeungana na hidrojeni katika umbo la methani. Vinapofika mahali ambapo hali ya kikemia ni tofauti, kwa mfano mwamba wenye uwezo wa kunyang'anya oksijeni, au vinapopoa, kaboni hushindwa kubaki katika kiowevu na kujipanga atomu kwa atomu, kila moja ikishikamana na nne za jirani. Si kazi ya mara moja. Almasi ikikatwa na kuchunguzwa kwa mwale wa elektroni, huonekana ina tabaka nyingi za ukuaji, nyingine zikiwa na alama za kuliwa na kiowevu kabla ya kukua tena, na wakati mwingine kiini chake na tabaka lake la nje vina tofauti kubwa ya umri. Jiwe moja linaweza kuwa limekua, likasimama, likayeyuka kidogo, kisha likaendelea, na katika kila hatua likafungia ndani yake chochote kilichokuwa karibu.

Wataalamu huzigawa chembe za kawaida katika makundi mawili kulingana na mwamba zilikotoka. Kundi la kwanza ni la peridotaiti, mwamba mkuu wa koti la dunia: humo mna olivini isiyo na rangi, ganeti ya zambarau, kromaiti nyeusi inayoelekea hudhurungi, na diopsidi ya kijani kibichi iliyokolea. Kundi la pili ni la eklojaiti: ganeti yake ni ya rangi ya chungwa, na humo mna pia madini mengine kama rutile na kayanaiti ya buluu. (Rutile ni ile ile iliyochimbwa kwa miaka katika mchanga wa Kwale na kupakiwa melini Likoni, ingawa ile ya Kwale ilitoka kwenye miamba ya aina nyingine.) Tofauti ya makundi haya ni kubwa kuliko rangi zake. Eklojaiti nyingi zilianza zikiwa sakafu ya bahari. Lava iliyoganda chini ya maji ilizamishwa pamoja na bamba la gandunia chini ya bara, ikageuzwa na joto na shinikizo, na ikawa mwamba wa ganeti.

Mwaka 2011 Steven Shirey na Richardson walikusanya vipimo vya umri vilivyokuwa vimepatikana kutoka mabara mbalimbali na wakaona jambo ambalo kwangu ni miongoni mwa matokeo mazuri zaidi katika elimu nzima ya miamba. Almasi zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 3.2 zilikuwa na chembe za peridotaiti peke yake. Chembe za eklojaiti zilianza kuonekana miaka bilioni 3 iliyopita. Maelezo yao ni kwamba wakati huo ndipo mabamba ya gandunia yalipoanza mwendo wake wa kuachana, kukutana na kuzama, na kupeleka sakafu ya bahari chini ya mabara. Yaani tarehe ya kuanza kwa mwendo uliounda bahari na milima tunayoijua ilisomwa kutoka kwenye madoa ya mawe ya pete.

Nikiwa mtu niliyezaliwa na kukulia kisiwani, sehemu inayonigusa zaidi katika habari hii ni ya bahari. Kaboni iliyomo katika magamba, katika chokaa cha matumbawe kama kile kilichojengewa Fort Jesus, na katika tope lenye mabaki ya viumbe, nayo inaweza kuzama pamoja na sakafu ya bahari pale mabamba yanapokutana. Uwiano wa isotopu za kaboni katika almasi nyingi za eklojaiti unaashiria kwamba sehemu ya kaboni yake ilianzia juu, si katika koti la dunia. Mwaka 2015 Yaakov Weiss na wenzake walichapisha uchunguzi wa almasi za Ekati, Kanada, zile zenye ukungu ambazo masonara hawazitaki kabisa. Ukungu ule ni matone madogo yasiyohesabika ya kiowevu kilichofungwa wakati jiwe linakua, na ndani ya matone hayo walikuta chumvi kwa wingi, ambayo waliifuatilia hadi kwenye maji ya bahari yaliyoshuka pamoja na bamba lililozama. Jiwe ambalo mnunuzi angelitupa pembeni kwa kukosa uangavu limehifadhi chumvi ya bahari ambayo haipo tena kwenye ramani yoyote.

Kisha kuna almasi chache zilizotoka chini zaidi, kupita kilomita 300, nyingine kupita 660. Mwaka 2014 Graham Pearson na wenzake walitangaza kwamba ndani ya almasi ndogo na chakavu kutoka Juína, Brazili, wamekuta ringwudaiti, madini ambayo awali yalijulikana katika vimondo na katika maabara tu. Kwa asili, ringwudaiti huwa imara katika sehemu ya chini ya ukanda ulio kati ya kilomita 410 na 660. Chembe hiyo ilikuwa na maji yanayokaribia asilimia 1.5 ya uzito wake, yakiwa yamefungwa ndani ya fuwele yenyewe. Jiwe lilikuwa baya kwa kila kigezo cha biashara: uso wake umeliwa, rangi yake ya kahawia, uzito wake chini ya gramu 0.1. Lakini ndilo lililotoa ushahidi wa kwanza wa kushikika kwamba katika kina kile kuna mahali penye maji mengi. Mwaka 2018 Oliver Tschauner na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya almasi zina hata barafu ya aina isiyoweza kuwapo juu ya ardhi, barafu ya saba kama wanavyoiita wanafizikia, ambayo inabaki ngumu katika joto la kawaida kwa sababu tu almasi inaendelea kuibana.

Mwaka huo huo Evan Smith na wenzake walieleza asili ya almasi za buluu, zile za jamii ya Hope, almasi mashuhuri iliyoko Washington. Buluu yake inatokana na boroni, na boroni ni elementi ambayo koti la dunia linayo kidogo sana, wakati maji ya bahari na miamba iliyolowa maji hayo inayo kwa wingi. Walichunguza almasi 46 za aina hiyo, wakakuta ndani yake madini yanayoonyesha kwamba zilikulia kwenye kina kinachofika kilomita 660 au zaidi. Boroni yake, kwa maelezo yao, ilishushwa na sakafu ya bahari iliyozama. Miaka 2 kabla, Smith na wenzake walikuwa wameshughulikia almasi kubwa mno, za jamii ya Cullinan, iliyochimbwa Afrika Kusini mwaka 1905 ikiwa na karati 3,106. Wanunuzi wa mawe kama hayo hawatoi ruhusa yavunjwe kwa ajili ya uchunguzi, kwa hiyo walitumia vipande vilivyobaki baada ya kukata. Ndani ya vipande hivyo walikuta madini yaliyoganda kutoka kwenye kiowevu cha chuma, nikeli, kaboni na salfa, yakiwa yamezungukwa na utando mwembamba wa methani na hidrojeni. Almasi zile safi kupita zote zilikulia ndani ya madimbwi ya chuma kilichoyeyuka, kati ya kilomita 360 na 750 chini.

Nirudi kwenye ule ufa wa mviringo, kwa sababu unaeleza kwa nini chembe hizi hufika salama. Almasi ni ngumu kubanwa kuliko karibu kitu chochote cha asili, na ikipata joto hutanuka kidogo sana. Madini yaliyomo ndani yake hayako hivyo. Almasi inapopanda juu na shinikizo la nje kuondoka, chembe hutaka kupanuka, lakini kuta zake hazikubali. Basi shinikizo la kule chini hubaki limefungwa ndani. Likizidi, jiwe hupasuka kidogo kuzunguka chembe, na huo ndio ufa tunaouona. Lisipozidi, hubaki pale pale mpaka leo, na mtafiti anaweza kulipima bila kulivunja jiwe, kwa kupitisha mwanga wa leza kwenye chembe na kuona jinsi mtawanyiko wake ulivyosogea kutoka mahali pake pa kawaida. Kutokana na kiasi cha mkazo uliobaki, hukokotoa kina ambacho chembe ilifungwa.

Safari ya kupanda nayo inabidi iwe ya haraka. Kimbalaiti ni magma yenye gesi nyingi inayopasua njia kutoka kina cha zaidi ya kilomita 150, na inakadiriwa hutumia saa chache hadi siku chache kufika juu. Ikichelewa, almasi hurudi kuwa grafiti. Mfano wake upo Beni Bousera, kaskazini mwa Moroko, ambako kipande kikubwa cha koti la dunia kilipandishwa polepole na mwendo wa mabamba. Kwenye miamba ya huko kuna grafiti yenye pande nane kamili, umbo la almasi lisilobeba tena almasi.

Hakuna binadamu aliyeandika kwamba ameshuhudia kimbalaiti ikilipuka. Volkeno changa zaidi za jamii hiyo zinazojulikana ziko jirani zetu, katika vilima vya Igwisi magharibi mwa Tanzania, ambavyo vililipuka takriban miaka 12,000 iliyopita, na hiyo kwa hesabu za miamba ni juzi. Mwadui, mgodi wa almasi wa Tanzania, iko Shinyanga, chini kidogo ya kilomita 700 kutoka Mombasa. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliigundua mwaka 1940, na bomba lake la kimbalaiti, yaani njia ya volkeno iliyojaa mwamba huo, lenye eneo la hekta 146 juu ya ardhi, ni miongoni mwa makubwa zaidi yaliyowahi kuchimbwa duniani. Watu wanaokumbuka Mwadui hukumbuka almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana mwaka 1947, ikakatwa kuwa karati 23.6 na kupewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Ni wachache wanaojua kwamba mwaka 1998 Thomas Stachel na wenzake walichapisha uchunguzi mrefu wa madini adimu waliyoyakuta ndani ya almasi za mgodi huo huo. Kwangu mimi hiyo ni zawadi kubwa zaidi, nayo ingefaa kufundishwa katika shule za Afrika Mashariki pamoja na ile hadithi ya waridi.

Huku kwetu Pwani hatuna haja ya kuitafuta almasi chini ya minazi. Tom Clifford alieleza mwaka 1966 kwamba kimbalaiti zenye almasi hupatikana katika viini vya kale vya mabara, sehemu ambazo hazijavurugwa kwa mabilioni ya miaka na ambazo mizizi yake minene na yenye ubaridi hufika kina cha almasi. Shinyanga imekaa juu ya kiini cha namna hiyo. Miamba ya Taita na Tsavo, kwa upande mwingine, ilipikwa upya katika mgongano wa mabara miaka isiyofika milioni 700 iliyopita, na joto lile ndilo lililotupa tsavoraiti na rubi.

Sasa niseme jambo linalonikera katika kazi yetu. Kuna mashine zinazotoboa tundu jembamba kwa leza kutoka juu ya jiwe hadi kwenye doa jeusi, kisha asidi huingizwa na kuliyeyusha doa au kulifanya jeupe. Jiwe hupanda daraja machoni pa mnunuzi. Muuzaji mwaminifu hueleza kwamba jiwe limetobolewa, na asiye mwaminifu hunyamaza. Lakini hata pale ambapo hakuna udanganyifu, kilichoondolewa ni saa ya miaka bilioni kadhaa, na kimeondolewa ili kitu kisichoonekana bila lenzi kisionekane hata kwa lenzi. Yule mama nilimweleza haya yote kwa kifupi, nikamwambia pia kwamba kutobolewa kunawezekana na kwamba ningeweza kumwelekeza anakofanyiwa. Alichukua pete yake ikiwa vile vile, akalipa gharama ya kusafishwa.

Mwenye pete ya almasi nyumbani anaweza kuomba lenzi kwa sonara yeyote aliye karibu na kuangalia mwenyewe. Mwanga utoke ubavuni, si juu, na jiwe ligeuzwe polepole. Zambarau ni dalili ya ganeti ya peridotaiti, na chungwa ni ya ganeti ya eklojaiti, iliyo na uwezekano mkubwa wa kuanzia baharini. Kijani kilichokolea kwa kawaida ni diopsidi. Weusi wenye mng'ao wa shaba na ufa wa mviringo ni salfaidi kwa uwezekano mkubwa, na ukungu mweupe unaweza kuwa wingu la chembe ndogo sana. Lakini kama mnachokiona ni vijiti vinavyong'aa kama chuma kilichosuguliwa, mwombeni sonara ajaribu jiwe lililotolewa kwenye pete kwa sumaku yenye nguvu. Almasi zinazotengenezwa kwa shinikizo na joto kubwa, teknolojia ambayo kampuni ya General Electric ya Marekani iliitangaza mwaka 1955, hukulia ndani ya chuma, nikeli au kobalti iliyoyeyuka, na mabaki ya metali hiyo yakinaswa kwa wingi jiwe huvutwa. Almasi hiyo ni almasi halisi kwa kemia yake, ila imekua kwa siku au wiki chache, na bei yake sokoni lazima iwe tofauti.